Vikundi Vingi, Wiki Ni Moja

Mtu wa hapa Kimulot ukimwuliza kesho ana shughuli gani, mara nyingi atakujibu kwamba ana mkutano. Ukimwuliza kesho kutwa, pia ana mkutano. Jumatatu ni kamati ya maji, Jumanne ni meri-go-raundi, Jumatano ni mazoezi ya kwaya, Alhamisi ni jumuiya, Ijumaa ni kamati ya harusi ya jirani, Jumamosi ni mazishi, na Jumapili baada ya misa kuna mkutano wa dakika tano ambao huisha saa tisa mchana.

Watu wa namna hii si wavivu. Wao ndio nguzo ya kijiji. Lakini hao hao ndio tunaowasikia wakilalamika kwamba majani ya chai yamezidi shambani, kwamba kijana wao wa darasa la juu hawamwelewi tena, kwamba tarehe ya kliniki ya presha ilipita na hawakuenda. Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Sisi tuna njia saba na bado tunajaribu.

Katika makala hii tutafuata hatua tatu ambazo vikundi vyetu vya maendeleo vinazijua: Ona, Pima, Tenda. Njia hii ilienezwa na padre Mbelgiji Joseph Cardijn, aliyefanya kazi na vijana wa viwandani. Yeye aliwafundisha kwanza watazame hali yao ilivyo, halafu waipime, halafu wachukue hatua. Nasi tufanye hivyo kuhusu wakati wetu.

ONA: MIZIGO HII IMETOKA WAPI?

Kusaidiana si jambo geni kwetu. Tangu zamani watu wa kokwet moja walilima pamoja, walijenga nyumba pamoja na waliamua kesi zao pamoja chini ya mti. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, Mzee Kenyatta aliita taifa zima kwa neno Harambee, na shule nyingi tunazoziona leo zilijengwa kwa michango ya namna hiyo. Katika miaka ya 1970 maaskofu wa Afrika Mashariki wakaamua kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Halafu kina mama wakaanzisha vikundi vya kuchangiana pesa, maana benki ilikuwa mbali na haikuwakopesha. Kila kimoja kati ya hivi kilikuja kwa sababu nzuri.

Shida iko hapa: kikundi kina siku ya kuzaliwa lakini hakina siku ya kufa. Kamati ya kujenga darasa ikimaliza darasa, inageuka kuwa kamati ya kujenga choo, halafu ya ua, halafu inabaki tu. Wanachama ni wale wale. Ukihesabu wenyeviti, makatibu na waweka hazina wa vikundi kumi vya kijiji kimoja, utakuta majina yanajirudia. Anayejua kuandika vizuri hupewa ukatibu kila mahali. Mwaminifu hupewa pesa za kila kikundi azitunze. Kwa hiyo mtu mwema anaadhibiwa kwa wema wake.

Siku hizi pia kuna simu. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 ilitusaidia sana kutumiana pesa. Lakini sasa mtu anaamka asubuhi na kukuta ameingizwa katika kikundi kipya cha WhatsApp cha harusi ya mtoto wa rafiki wa binamu yake. Hakuulizwa. Jina lake tayari liko kwenye orodha, na mbele ya jina kuna nafasi tupu inayongoja kiasi cha pesa. Kujitoa anaona aibu, maana wasimamizi wa kikundi wataona ameondoka.

Tena kuna ahadi za bonasi. Wakulima wengi wa hapa hupeleka majani kwenye viwanda vilivyo chini ya KTDA, kama vile Mogogosiek na Kapset. KTDA ilianzishwa mwaka 1964 kama mamlaka ya serikali, na mwaka 2000 ikawa kampuni ya wakulima. Mkulima hulipwa kidogo kila mwezi, na malipo ya pili, yaani bonasi, huja mara moja kwa mwaka karibu na Oktoba. Basi kuanzia Mei watu huahidi: “Nitatoa bonasi ikitoka.” Ahadi ya koito, ahadi ya harambee, ahadi ya sare za kwaya. Mwaka 2025 bonasi ilishuka katika viwanda vingi vya Kericho na Bomet, na wengi walikuta wameshaigawa kabla haijafika, tena wamegawa zaidi ya ile iliyofika.

CHAI HAINGOJI MKUTANO

Mahindi ukichelewa siku mbili kuvuna, yatakungoja. Chai haingoji. Kiwanda kinataka majani mawili na chipukizi, na ili uyapate hivyo ni lazima urudi kwenye mistari ile ile kila baada ya siku saba hadi kumi na nne, kutegemea mvua na ukuaji. Ukichelewa, majani yanakuwa magumu. Karani wa kituo cha kununulia atayakataa, au utalazimika kuyavunja na kuyatupa ili kichaka kichipue upya. Hapo umefanya kazi bila malipo.

Na majani yakishachumwa, ni lazima yafike kiwandani siku hiyo hiyo. Yakikaa yameshindiliwa ndani ya gunia yanapata joto, yanageuka rangi ya kahawia na kuharibika. Lori likipita limepita. Basi mama akiwa mkutanoni tangu saa nane, ni nani atabeba majani hadi kituoni? Mara nyingi ni mtoto aliyetoka shule. Saa ingine ni mtoto ambaye hakwenda shule kabisa siku hiyo. Hapo tunaona kwamba ahadi ya mtu mzima mmoja inalipwa na mwingine ambaye hakuahidi chochote.

Tukumbuke pia kwamba wakati haukugawanywa sawa nyumbani. Mwaka 2021 Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilifanya utafiti wa kwanza wa Kenya kuhusu matumizi ya wakati. Ulionyesha kwamba wanawake hutumia karibu mara tano ya wakati wa wanaume katika kazi za nyumbani na kutunza watu, kazi zisizolipwa. Kwa hiyo mume na mke wakienda mikutano sawasawa, mzigo hauwi sawa. Baba akirudi anakaa akingoja chakula. Mama akirudi anaanza kutafuta kuni.

PIMA: ANDIKA, USIKISIE

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wakati nao ni hivyo hivyo. Chukua daftari la shule lililobaki, uandike kila kikundi na kila kamati uliyo ndani yake, pamoja na vile vya simu. Mbele ya kila kimoja andika mambo manne: saa unazotumia kwa wiki (pamoja na kutembea na kungoja wanaochelewa), pesa unazotoa, cheo chako, na faida uliyopata mwaka uliopita.

Tuchukue mfano. Huyu mama si mtu fulani, ni wa kutusaidia kuhesabu tu. Ana vikundi viwili vya meri-go-raundi, kila kimoja saa tatu kwa wiki pamoja na safari: saa sita. Kwaya mara mbili kwa wiki: saa nne. Jumuiya: saa mbili. Kamati ya shule na kamati ya maji hukutana mara moja kwa mwezi, nusu siku kila moja. Ukizigawanya kwa wiki ni kama saa moja moja: saa mbili. Kamati ya harusi: saa tatu. Mikutano ya jioni kwenye matanga, jioni mbili: saa nne. Jumla ni saa 21 kwa wiki. Ikiwa siku ya kuchuma majani ni saa saba, basi mama huyu anatoa siku tatu nzima kila wiki. Na wiki ina siku sita za kazi!

Hatusemi kwamba siku hizo tatu zote zingekuwa za kuchuma chai. Baadhi ya saa hizo ni za maana sana. Tunasema tu kwamba kabla hajaandika, mama huyu angeapa kwamba mikutano inamchukua “kitambo kidogo tu.”

Sasa pesa. Vikundi viwili vya shilingi 200 kwa wiki ni shilingi 1,600 kwa mwezi. Hizo si hasara, zitarudi zamu yake ikifika. Lakini mwezi ambao majani ni machache, anakopa shilingi 5,000 katika kikundi cha tatu ili alipe viwili vya kwanza na ada ya shule. Ikiwa riba ni asilimia kumi kwa mwezi, ni shilingi 500 kila mwezi. Miezi mitatu ni 1,500. Kikundi kilichoanzishwa ili kumwondoa katika madeni sasa kinalishwa na madeni. Ukiona unakopa kikundi kimoja ili kulipa kingine, ujue vikundi vyako vimezidi nguvu zako.

YALIYO YA MAANA NI YAPI?

Hapa kila mtu atajibu mwenyewe, lakini maswali matatu yanaweza kusaidia.

Swali la kwanza: Je, jambo hili linaweza kufanywa na mtu mwingine? Kamati ya maji inaweza kupata katibu mwingine. Mtoto wako hawezi kupata baba mwingine wa kuketi naye. Siku hizi mtoto anayemaliza gredi ya tisa anachagua mkondo wa masomo atakaoufuata katika shule ya juu. Asipozungumza na mzazi, atazungumza na nani? Vilevile hakuna atakayekwenda kliniki kwa niaba yako kupimwa presha, sukari au shingo ya kizazi.

Swali la pili: Kama kikundi hiki kingeanzishwa leo, ningejiunga? Ikiwa jibu ni hapana, basi kinachokuweka humo ni mazoea au aibu.

Swali la tatu: Ninapokwenda huko, ni nani anabaki na mzigo wangu? Mwulize huyo mtu. Usimjibie.

Baada ya maswali hayo, gawa orodha yako katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la kushika. Fungu la pili ni la kukabidhi kwa mwingine. Fungu la tatu ni la kumaliza kabisa.

Angalizo moja muhimu: usiweke vyote katika fungu la tatu kwa hasira. Kwa mtu asiye na mshahara, kikundi ni benki, ni bima na ni ndugu. Shika angalau kimoja cha kusaidiana wakati wa ugonjwa na msiba, na kimoja cha kuweka akiba ambacho hesabu zake zinasomwa wazi. Malipo yako ya bima ya afya ya SHA yasikatwe ili ulipe sare ya harusi. Tunapunguza kama mkulima anavyopogoa chai. Anakata matawi ili kichaka kichipue vizuri, wala hang'oi shina.

TENDA: KUTOKA KWA HESHIMA

Wengi hawaogopi kazi, wanaogopa kuondoka. Basi hizi hapa ni hatua ambazo zimefaa mahali pengi.

1. Zungumza kwanza nyumbani. Mume na mke wakubaliane ni kipi kinaachwa na wakati utakaopatikana ni wa nini. Mama akiacha kikundi kimoja halafu saa hizo zikajazwa na kuni na maji, hajapata kitu. Baba naye ashike kazi mojawapo. Kukama ng'ombe jioni au kupeleka majani kituoni hakumpunguzii mtu uzee wake.

2. Maliza zamu yako. Katika meri-go-raundi, aliyekwisha kupokea hawezi kuondoka kabla mzunguko haujaisha. Kufanya hivyo ni kula pesa za wenzako, hata ukiita kwa jina lingine. Lipa deni lako lote kwanza.

3. Mwone mwenyekiti ana kwa ana kabla ya mkutano. Usitume ujumbe wa simu usiku, wala usiache tu kuhudhuria mpaka watu waulize. Chagua wakati wa mwisho wa mwaka au uchaguzi, ili pengo lijazwe bila haraka.

4. Sema ukweli kwa maneno machache. Usijifanye mgonjwa. Unaweza kusema hivi: “Mwenyekiti, nimeshukuru kwa miaka tuliyofanya kazi pamoja. Nimeona nyumbani kwangu kunanihitaji zaidi wakati huu. Nitamaliza mwaka huu na kukabidhi vitabu, na mwakani naomba nipumzike.” Ukieleza sababu kumi, watu watajadili zote kumi.

5. Kabidhi vizuri. Daftari, risiti, muhuri, kitabu cha benki na pesa zilizopo zihesabiwe mbele ya watu watatu na kutiwa sahihi. Anayeondoka bila kukabidhi huacha maneno nyuma yake.

6. Pendekeza kijana. Wako vijana waliomaliza shule wanaojua hesabu na simu kuliko sisi, nao hulalamika kwamba wazee wameshika kila kiti. Mfundishe mmoja kwa miezi miwili mitatu. Hapo hujapunguza kikundi, umekiongezea nguvu.

Kwa mambo ya harusi na mazishi, ambayo hayana mwisho, amua mapema utatoa nini. Msibani kwa mfano, badala ya kukaa jioni zote sita, unaweza kupeleka maziwa na kuni siku ya kwanza, kukaa na wafiwa jioni moja bila haraka, na kuhudhuria mazishi. Mfiwa atakumbuka jioni hiyo moja kuliko sita ambazo ulikuwa unasinzia. Kwa harusi, toa mchango wako kulingana na uwezo na useme wazi kwamba kamati hutaingia.

MASWALI AMBAYO WATU HUULIZA

“Je, sitaonekana mbinafsi?” Huenda kwa wiki chache. Lakini watu hutazama tabia ya mtu kwa miaka. Anayekuja kwa wakati katika vikundi viwili na kufanya kazi yake huheshimiwa kuliko anayechelewa katika saba.

“Nikiwa na msiba nani atakuja?” Hofu hii ni ya kweli, ndiyo sababu tumesema ushike kikundi kimoja cha kusaidiana na usiache kuzuru jirani. Watu huja kwa jirani mwema, hata kama hakuwa katibu.

“Na kazi za Kanisa je, si dhambi kukataa?” Hapana. Katika kitabu cha Kutoka sura ya 18 tunasoma kwamba Musa alikaa akiamua kesi za watu tangu asubuhi mpaka jioni. Mkwewe Yethro alipomwona, alimwambia kwamba namna hiyo itamchosha yeye pamoja na watu wake. Akamshauri achague watu waaminifu wa kusimamia maelfu, mamia, hamsini na makumi, yeye abaki na kesi ngumu tu. Na tusisahau kwamba Yethro alipokuja kambini alikuwa amemletea Musa mke wake na watoto wake. Ikiwa Musa alikabidhi kazi, katibu wa kwaya naye anaweza.

VIKUNDI NAVYO VIJIPUNGUZE

Mtu mmoja mmoja hawezi kumaliza shida hii peke yake. Viongozi wa vikundi, mambo haya yanawahusu ninyi:

Mkutano wa saa nane uanze saa nane. Kama watu 20 wanangoja saa moja, mmepoteza saa 20 za kijiji, karibu siku tatu za kazi. Andikeni pia saa ya kumaliza.

Vikundi viwili vyenye watu wale wale viungane.

Kila kamati iandikiwe siku ya mwisho tangu inapoanza. Kazi ikiisha, hesabu zisomwe, watu wapigiwe makofi, waende nyumbani.

Mtu asishike vyeo zaidi ya viwili katika kijiji, na cheo kiwe na kipindi maalum.

Siku za majani mengi, mvua inapokuwa nzuri, mikutano ipunguzwe. Siku iliyo wazi kwa wote isiguswe na mkutano wowote. Kijiji kinaweza kukubaliana, kwa mfano, kwamba Jumanne jioni ni ya nyumbani.

LINDA ULICHOPATA

Wakati uliookolewa ni kama shamba lililolimwa halikupandwa. Magugu hayachelewi. Mwezi haujaisha utasikia mtu akibisha hodi: “Tumesikia siku hizi uko na nafasi.” Kwa hiyo siku ile ile unapoondoka katika kikundi, upe wakati huo jina. Useme: Jumanne jioni ni ya kusoma na watoto. Alhamisi asubuhi ni ya mistari ya chini ya chai. Jumatano ya kwanza ya mwezi ni ya kliniki. Iandike kwenye kalenda ya ukutani ili wote nyumbani waione. Anapokuja mwenye kubisha hodi, utamjibu bila uongo, “Siku hiyo nina shughuli,” maana kweli unayo.

Anza na kimoja. Usingoje mwaka mpya. Chagua kikundi kimoja tu katika orodha yako, kile ambacho moyo wako tayari unakijua, umwone mwenyekiti wake wiki hii.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI AU JUMUIYA

1. Kila mmoja ahesabu: niko katika vikundi vingapi, na vinanichukua saa ngapi kwa wiki?

2. Katika kijiji chetu, ni nani wanaobeba vyeo vingi? Tutawapunguzia vipi?

3. Ni nani nyumbani anayebaki na kazi tunapokwenda mikutanoni? Tumewahi kumwuliza?

4. Ni kikundi gani kati yetu kimemaliza kazi yake lakini bado kinakutana?

5. Mkutano wetu huu wenyewe ulianza saa ngapi? Tutaumaliza saa ngapi?